Kikundi cha kuweka na kukopa: tugawane mwishoni mwa mzunguko, au tuache mtaji uendelee kuzunguka?

Katibu wa Kikundi ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 24, wote wanawake wanaoendesha biashara ndogo: mafundi cherehani, wasusi, wauza nguo, wauza vifaa vya shule, na wenzetu wawili wanaotengeneza sabuni. Tunakutana kila wiki. Kila mwanachama hununua hisa kuanzia moja hadi tano, ambazo ndizo akiba yake, huchangia mfuko wa jamii (wa kuzikana na kuuguzana) kiasi kilicho sawa kwa wote, na sanduku letu lina kufuli tatu ambazo funguo zake hutunzwa na wanachama watatu wasio na cheo chochote. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji, hurejeshwa ndani ya miezi mitatu, na riba ni asilimia 10 kwa mwezi. Tuko katika mzunguko wa pili, kila mmoja ukiwa wa mwaka, na zimebaki wiki tisa tugawane akiba zote pamoja na faida.

Katika kikao kilichopita, wenzetu sita ambao biashara zao zimekua kuliko za wengine walileta hoja kwamba safari hii tusigawane. Wanasema kugawana kunaturudisha nyuma, kwa kuwa tukishavunja sanduku tunaanza upya na sifuri. Miezi mitatu ya mwanzo fedha iliyopo haitoshi kumpa hata mtu mmoja mkopo wa maana, na ukiisha mwezi wa kumi mikopo inafungwa ili marejesho yakamilike kabla ya mgao. Kwa hesabu yao, kikundi cha mwaka mzima kinakopesha kwa miezi saba tu. Wanataka mtaji ubaki ndani, ukue, na mwisho wa mwaka tugawane faida peke yake.

Wengine, na wengi wao ni wenye hisa chache, hawataki hata kulisikia jambo hilo. Mama mmoja ambaye kwa kawaida hasemi kitu vikaoni alisimama akasema, "Fedha yangu nataka niishike mkononi mara moja kwa mwaka, hapo ndipo ninapojua kama ninyi ni wenzangu." Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Mwenyekiti aliahirisha hoja hiyo, na mimi nikapewa kazi ya kuandika pendekezo la marekebisho ya katiba litakalojadiliwa baada ya wiki mbili.

Nawaomba mliopitia haya mnisaidie. Je, kuna vikundi vilivyoacha kugawana vikaendelea vizuri? Mwanachama mpya anaingiaje katika mtaji ambao haujagawanywa? Na ipo njia ya katikati isiyowaumiza wenye biashara zinazokua wala wale wanaotaka kuziona fedha zao?

Mweka Hazina wa Zamani amejibu:

Katibu, pole kwa mzigo na hongera kwa kuuliza kabla ya kuandika. Sisi tuliandika kwanza, tukauliza baadaye.

Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha wanawake 19. Baada ya mizunguko mitatu mizuri tulifanya hilo hilo ambalo wenzenu wanalitaka: tukapitisha kwamba mtaji haugawanywi tena, na kwamba mwisho wa mwaka kila mtu atapewa faida yake tu. Mwaka wa kwanza ulipita vizuri, na daftari lilionyesha mtaji mkubwa ambao hatukuwahi kuuona. Mwaka wa pili, mwenzetu mmoja alifikiwa na tarehe ya marejesho akiwa hana kitu, na kwa kuwa alikuwa mtu wetu wa siku zote, kamati ilikubali arejeshe mkopo wa zamani kwa mkopo mpya. Katika kikao kile kile niliandika kwamba amelipa deni na riba yake yote, kisha mstari uliofuata nikaandika kwamba amekopa kiasi hicho hicho pamoja na ile riba. Hakuna noti hata moja iliyoguswa. Mkono ulioandika ni wangu, na siwezi kumsingizia mtu.

Baada ya miezi mitatu alirudia, na safari hii hakuwa peke yake. Kila walipofanya hivyo, daftari lilihesabu riba ambayo haijalipwa kuwa ni mapato, mapato yakahesabiwa kuwa ni faida, na faida ikaongezwa kwenye thamani ya hisa. Tulikuwa tunatajirika kwenye karatasi. Tuligundua siku ambayo wenzetu wawili walihama na kuomba chao. Tulipofungua sanduku na kuwataja mmoja mmoja wadaiwa wenye uwezo wa kulipa, tukakuta theluthi moja ya mtaji wetu ni wino mtupu. Sisemi kwamba kuna mtu aliyeiba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu mwizi ungemjua na kumfukuza. Sisi tulikosa tu siku ya kuhesabu.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba kugawana ni kurudi nyuma, mimi nasema mgao ni ukaguzi, na ni ukaguzi wa pekee ambao mwanachama asiyejua kusoma anaweza kuufanya mwenyewe. Siku ya mgao, noti zinapangwa mafungu mafungu mezani, wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, na kila mtu anasikia jumla. Kama kuna mkopo uliofichwa ndani ya mkopo, hapo utajitokeza wenyewe, maana wino hauwezi kupangwa mezani. Hisabu za kitabuni unaweza kuzibembeleza zikakubali, lakini fungu la fedha likipungua limepungua, na chumba kizima kitalitazama.

Yule mama aliyesimama katika kikao chenu anaijua kazi ya mweka hazina kuliko nilivyoijua mimi wakati ule.

Jambo jingine, dogo lakini lisipuuzwe: mtaji usiogawanywa huwapa viongozi sababu ya kutobadilishwa. Kwetu, kila ulipofika wakati wa uchaguzi tuliambiwa kwamba mikopo iko nje na hesabu zinaendelea, tusivuruge. Tulikaa na kamati ile ile miaka yote hiyo, mimi nikiwemo.

Fundi Cherehani amejibu:

Nimemsoma dada aliyetangulia kwa heshima, na sina ubishi kuhusu yaliyompata. Lakini naomba na sisi tunaonunua bidhaa kwa msimu tusikilizwe, kwa sababu mara nyingi tukizungumza tunaonekana kama watu wenye tamaa.

Mimi nashona sare za shule. Kazi yangu ya mwaka mzima iko katika wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, na kitambaa lazima nikinunue mapema, kwa majora, kabla bei haijapanda na kabla rangi inayotakiwa haijaisha dukani. Kikundi chetu kilikuwa kinafunga mikopo miezi miwili kabla ya mgao. Miezi hiyo miwili ndiyo niliyokuwa naihitaji. Sanduku lilikuwa limejaa kuliko wakati wowote wa mwaka, akiba yangu mwenyewe imo ndani, nami natoka kikaoni kwenda kumwomba muuzaji wa jumla anipe kitambaa kwa mali kauli, kwa bei yake na kwa masharti yake. Mwaka mmoja, muuzaji aliponikatalia, nilikwenda kwenye mikopo ile ya riba kubwa tunayoiita kausha damu, na jina lake si la utani. Niliilipa kwa faida yote ya msimu, na cherehani ya pili niliyokuwa nimepanga kununua sikuinunua.

Kisha siku ya mgao nikapewa fedha nyingi kwa mkupuo, wiki tatu baada ya msimu kupita. Fedha ya mkupuo isiyo na kazi ina maadui wengi: ada, harusi, bati, shemeji mwenye shida. Sina haja ya kueleza, kila mwanamke mwenye biashara anajua jinsi fedha inavyoyeyuka inapojulikana kwamba ipo.

Kwa hiyo anaposema mtu kwamba wenye biashara kubwa wanataka kubadilisha kanuni kwa faida yao, naona si haki. Wanaokopa ndio wanaolipa riba, na riba hiyo ndiyo faida mnayogawana. Anayeweka bila kukopa hapati faida kutoka hewani. Chukulia hisa moja ina thamani ya 10, na mwisho wa mzunguko kila hisa imeongezeka 1.5. Mwenye hisa 120 ambaye hakukopa kabisa ataondoka na faida ya 180. Mimi mwenye hisa 40, niliyekopa mara tatu na kulipa riba ya 60 kila mara, nimeingiza 180 na ninarudishiwa 60. Silalamiki, maana kitambaa kilinipa zaidi ya hiyo 120 iliyobaki kwa wenzangu. Nasema tu kwamba kikundi kisichomkopesha mfanyabiashara wakati anaouhitaji kinapoteza mapato yake chenyewe.

Pendekezo langu kwa katibu ni hili: kabla hamjajadili kugawana au kutogawana, jadilini tarehe. Nani alisema mzunguko lazima uishe Desemba? Kwetu tulikuja kugundua kwamba tulichagua Desemba kwa sababu kalenda inaishia hapo, basi. Tuliusogeza mzunguko uishe wiki sita kabla ya msimu wa wengi wetu, na gawio likawa ndilo mtaji wa kununulia bidhaa bila riba yoyote. Kwa msusi, ambaye wateja wake ni wa mwaka mzima, tarehe haikumwathiri.

Mkufunzi wa Vikundi amejibu:

Nimekuwa nikifundisha vikundi vya namna hii kwa miaka kadhaa, na hoja hii huja karibu kila mara kikundi kinapofika mzunguko wa pili au wa tatu. Ni dalili njema, maana kikundi kilichokufa hakibishani.

Nianze na asili ya utaratibu wenyewe, kwa sababu unaeleza kwa nini mgao upo. Upatu na michezo ya kupeana zamu ni ya zamani mno kuliko mradi wowote, lakini mfumo huu wa hisa, mikopo ya ndani na mgao wa mwisho wa mzunguko ulikuzwa kuanzia mwaka 1991 katika eneo la Maradi nchini Niger, pale shirika la misaada la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo kila kitu kilifanyika mbele ya wote na kushikwa kwa kumbukumbu. Katika hali hiyo, hesabu za mtaji usiogawanywa mwaka hadi mwaka zingewashinda wengi. Kugawana kila kitu na kuanza upya kulizifanya hesabu ziwe nyepesi kiasi kwamba kila mwanachama angeweza kuzifuata. Miaka imepita, mfumo umeenea katika nchi nyingi, masanduku yenye kufuli tatu na vitabu vya kugonga mihuri vimeongezeka, lakini sababu ile haijabadilika.

Sasa nijibu swali la mwanachama mpya, kwa kuwa hapo ndipo vikundi visivyogawana hujikwaa bila kujua. Tuseme mmeuza hisa 2,400 kwa 10 kila moja, yaani 24,000, na riba pamoja na faini zimeleta 3,600. Jumla ni 27,600, na ukiigawa kwa hisa 2,400 kila hisa sasa ina thamani ya 11.5. Msipogawana, kisha mwanachama mpya akanunua hisa 100 kwa bei ile ile ya 10, ataleta 1,000. Jumla itakuwa 28,600 kwa hisa 2,500, yaani 11.44 kwa kila hisa. Hisa zake zina thamani ya 1,144 siku ile ile aliyoingia. Ile 144 haikutoka mbinguni. Imemegwa kwenye hisa za wenzake wa zamani, kidogo kidogo, pasipo mtu kuona. Ili kuepuka hilo lazima mumuuzie hisa kwa 11.5, na ili mjue kwamba ni 11.5 lazima mjue kila mkopo ulioko nje utalipwa. Mnarudi palepale kwenye wino wa mweka hazina. Na tatizo si la wanachama wapya peke yao, maana hata ninyi wa zamani mtakuwa mnanunua hisa mpya kila wiki kwa 10, na anayenunua tano atawamega wanaonunua moja.

Vipo vikundi vinavyoweza kuendesha mtaji wa kudumu, navyo kwa kawaida huishia kuwa ushirika wa akiba na mikopo wenye mhasibu, ukaguzi wa nje na usajili wa aina yake. Kama wenzenu sita wanataka kufika huko, ni haki yao, lakini wajue kwamba wanataka chombo kingine, chenye gharama zake.

Kuhusu njia ya katikati, zipo mbili ambazo nimeziona zikifanya kazi.

Ya kwanza ni hisa za ufunguzi. Mnagawana kila kitu, kikamilifu, kila mtu anashika fedha yake. Kisha siku hiyo hiyo, katika kikao cha kwanza cha mzunguko mpya, kila mwanachama anarudisha idadi ya hisa iliyo sawa kwa wote. Idadi hiyo mtaamua ninyi, lakini pangeni kwa kumtazama mwanachama mwenye uwezo mdogo kuliko wote, si mwenye uwezo mkubwa. Kwa mfano, mkikubaliana hisa 20, wanachama 24 wataanza na hisa 480, yaani 4,800 tayari sandukuni kwa ajili ya mikopo, badala ya kungoja miezi mitatu. Mwenye hisa 60 aliyepata gawio la 690 atarudisha 200 na kuondoka na 490. Usawa ni wa lazima hapa. Mkimruhusu kila mtu arudishe anachotaka, wale sita watarudisha gawio lao lote, watamiliki sehemu kubwa ya kikundi kabla wiki ya kwanza haijaisha, na kwa kuwa mkopo ni mara tatu ya akiba, watakuwa na haki ya kulikomba sanduku zima.

Njia ya pili inamhusu fundi wetu hapo juu, na ninashangaa kwa nini vikundi vingi havijaitumia. Mikopo hufungwa mapema kwa hofu ya kutorejeshwa kabla ya mgao, na hofu hiyo ni ya kweli kwa mkopo ulio mara tatu ya akiba, kwa kuwa mkopaji akishindwa, hisa zake hufidia theluthi moja hivi na iliyobaki ni hasara ya wenzake au mzigo wa wadhamini. Lakini mkopo usiozidi akiba ya mkopaji mwenyewe hauna hatari hiyo. Akishindwa kulipa, deni linakatwa kwenye gawio lake siku ya mgao, na hakuna mwingine anayepungukiwa. Basi katika miezi miwili ya mwisho msifunge mikopo kabisa. Shusheni kikomo kutoka mara tatu hadi mara moja. Sanduku halitalala likiwa limejaa, jambo ambalo kwa usalama pekee ni faida tosha.

Niongeze neno moja kwa wale wanaotarajia kikundi kiwe benki yao. Upo utafiti uliofanywa Ghana, Malawi na Uganda, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017, ambao ulilinganisha maeneo yaliyoletewa vikundi hivi na maeneo ambayo hayakuletewa. Biashara za kaya zilinufaika, na sauti ya wanawake katika maamuzi ya nyumbani iliongezeka, lakini matumizi ya kaya kwa wastani hayakuonekana kupanda. Mimi nauelewa hivi: kikundi ni ngazi nzuri ya kupandia, lakini biashara ikishakuwa kubwa kuliko sanduku la watu 24, mwenye biashara hiyo atafute mkopo mkubwa kwingine huku akibaki mwanachama, badala ya kulivuta sanduku liwe refu kama yeye.

Katibu wa Kikundi amejibu:

Nawashukuru sana wote. Hoja ya tarehe haikuwahi kutajwa kwetu hata mara moja, na ile ya kushusha kikomo nimeisoma mara tatu ili nihakikishe nimeielewa.

Nina swali moja limezuka. Fundi Cherehani ametaja mkopo uliomgharimu riba ya 60. Kwetu mkopo wa 300 wa miezi mitatu hulipiwa riba ya 90, na katiba inasema asilimia 10 kwa mwezi tu, bila maelezo. Je, ni sisi tunaotoza zaidi, au kuna kitu sijakiona?

Fundi Cherehani amejibu:

Sisi tunatoza kwa salio, dada. Mwezi wa kwanza nadaiwa 300, nalipa riba ya 30 na kurejesha 100. Mwezi wa pili nadaiwa 200, riba ni 20. Mwezi wa tatu ni 100, riba ni 10. Jumla 60. Nyinyi bila shaka mnatoza 30 kila mwezi hata kama deni limepungua.

Mkufunzi wa Vikundi amejibu:

Ndivyo ilivyo, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Asilimia ni ile ile, mkopaji ni yule yule, lakini mmoja analipa 60 na mwingine 90. Na mtazame mwezi wa tatu: mkopaji wa kikundi cha katibu amebakiza 100 tu mkononi, nayo inalipiwa 30. Hiyo ni asilimia 30 ya fedha anayoitumia, hata kama katiba inaiita 10.

Simwambii mtu kwamba riba isiyopungua ni dhambi. Kama mkopaji anarejesha deni lote kwa mkupuo mwishoni, basi amekaa na 300 yote kwa miezi mitatu na 90 ni halali yake. Wafanyabiashara wa msimu hupenda namna hiyo. Lakini anayerejesha kila mwezi atozwe kwa salio, la sivyo mnamwadhibu kwa kuwa mlipaji mzuri. Andikeni njia zote mbili katika katiba, mkopaji achague siku anayochukua mkopo, na mwandishi aweke alama kwenye kitabu cha mkopaji palepale. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya malalamiko ya wenzenu sita yanatokana na jambo hili na si mgao, kwa kuwa wao ndio wakopaji wakubwa.

Mweka Hazina wa Zamani amejibu:

Naongeza: andikeni pia kwamba ni marufuku kulipa mkopo na kuchukua mwingine katika kikao kimoja. Sisi tungekuwa na sentensi hiyo moja, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia. Wiki nne kati ya mkopo na mkopo, hata kwa mwenyekiti.

Na mfuko wa jamii usiuchanganye na haya. Kama umebaki na fedha, ubaki kwenye mfuko wake wenyewe kwenda mzunguko unaofuata, kwa sababu hiyo fedha si hisa na haina riba, ni ya kuzikana na kuuguzana. Vikundi vinavyoihesabu ndani ya gawio hujikuta vinaanza mwaka bila hata kitu cha kumpelekea mgonjwa.

Katibu wa Kikundi amejibu:

Nimeandika rasimu. Naomba mniangalizie kifungu cha hisa za ufunguzi kabla sijakipeleka kwa mwenyekiti:

"Mwishoni mwa kila mzunguko, baada ya hesabu kukamilika mbele ya wanachama wote na madeni kukatwa, fedha zitagawanywa kwa kadiri ya hisa za kila mwanachama. Sehemu ya fedha hizo inayolingana na hisa 15 kwa kila mwanachama itahamishiwa kwenye mzunguko mpya kama hisa za ufunguzi. Idadi hii itapitiwa upya kila mwaka kwa kura za wanachama wote."

Nimeweka 15 badala ya 20 kwa sababu nimepitia vitabu, na wapo wenzetu watatu ambao 20 ingewamalizia karibu nusu ya gawio lao.

Mweka Hazina wa Zamani amejibu:

Kumi na tano ni sawa, na umefanya vyema kutazama vitabu kwanza. Neno moja tu linanikera: "itahamishiwa". Nani atahamisha? Ukiliacha hivyo, baada ya miaka miwili kamati itakuwa inahamisha kwenye daftari, na fedha haitafika mezani. Andika kwamba kila mwanachama atapokea gawio lake lote mkononi, atalihesabu mwenyewe, kisha ataweka hisa zake za ufunguzi sandukuni kwa mkono wake, mbele ya kikao.

Katibu wa Kikundi amejibu:

Nimebadilisha. Nitamsomea kwanza yule mama aliyesimama, kabla ya mwenyekiti.